Mgeni na Haki ya Wenye Maji

Katika darsa letu la usiku liliulizwa swali ambalo mwanzo tulilidhani jepesi, na kila tulipolishika likazidi uzito. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyeacha nyumba yake yenye paa na kitanda, akaenda kulala hemani chini ya miti kando ya maji, si kwa biashara wala kwa kutembelea jamaa, bali kwa kujipumzisha tu, je, afanya jambo jema, au apoteza wakati na mali?

Mzee mmoja katika sisi alijibu papo hapo kwamba wazee wetu walilala maporini kwa kuwa hawakuwa na budi, na mwenye akili hanunui dhiki kwa fedha zake. Vijana wakamjibu kwamba mtu aliyezoea kelele za mji na taa za barabarani husahau hata sura ya mbingu, na kutafakari viumbe vya Mwenyezi Mungu ni katika mambo yaliyosifiwa. Sisi twaona kila upande una haki yake, wala hatutarefusha maneno hapo. Kupumzika si dhambi, maadamu mtu hakuacha wajibu nyuma yake. Lakini tulipokwenda tuliona kwamba hilo halikuwa swali. Swali lilikuwa likitungoja huko huko.

Basi tulisafiri watu kumi na mmoja, kutoka Mombasa hata Kisumu, kwa njia ile ile ya reli iliyoanzwa kwetu mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901. Ila sisi tulikwenda kwa basi. Kisumu tulilala usiku mmoja. Asubuhi tulishuka pwani ya ziwa tukaona gugumaji limetanda kama zulia bichi, na wenyeji wakatukumbusha kwamba katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba hata meli zikashindwa kuingia na kutoka gatini. Tulilitazama kama mtu atazamavyo msiba wa jirani wa mbali, tukapanda gari tukaenda zetu.

Tulikuwa tumeshauriana baina ya mahali pawili. Pa kwanza ni Ndere, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1986, ambako kuna askari wa hifadhi na kanuni zilizoandikwa. Pa pili ni Mfangano, kisiwa chenye mlima na msitu, na watu wanaoishi, wanaolima na kuvua. Tulichagua Mfangano kwa sababu ya mlima wake, Kwitutu, unaopanda ghafula kutoka majini, na kwa sababu ya picha za kale zilizochorwa mapangoni kwa rangi nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, ambazo wataalamu wasema ni kazi ya wawindaji waliokaa humo kabla ya Wasuba kufika.

Njiani, karibu na Kendu Bay, tulisimama kutazama ziwa dogo la Simbi. Ni shimo la volkano lililojaa maji ya magadi. Huwezi kuvua humo, ila ndege heroe huja kwa makundi. Waluo wasimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu walikuwa katika sherehe ya pombe, akaja bibi kizee mwenye njaa na baridi akaomba kuota moto, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Yule kizee akamwambia mwanamke atoke na mumewe, kisha mvua ikanyesha, kijiji kikazama na watu wake. Jina Simbi Nyaima maana yake ni Simbi iliyozama. Tulipoisikia hadithi hiyo tulitikisa vichwa, na mmoja wetu akasema ni fundisho zuri juu ya haki ya mgeni. Sote tulikubali. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama mgeni naye aweza kuwadhulumu wenyeji, kwa kuwa wageni tulikuwa sisi.

Kutoka Mbita tulivuka kwa mashua ya injini. Tulipiga hema katika uwanja wa mzee mmoja, baina ya miti mikubwa na jiwe pana lililoingia majini, na tulimlipa alichotaka. Alituonyesha njia ya viboko ili tusilale juu yake, kwani wanyama hao hutoka usiku kula majani, akatuonya tusiogelee ovyo kwa ajili ya kichocho. Juu ya mengine hakusema neno.

Usiku ule haukuwa na mwezi. Ziwani zilitokea taa, moja, kumi, kisha nyingi hata mmoja wetu akasema ni kama mji umezaliwa juu ya maji. Tulikaa tukazistarehea mpaka usiku wa manane. Asubuhi tulifahamu kwamba ni wavuvi wa dagaa, ambao huko huwaita omena. Huenda kwa taa katika usiku wa giza ili samaki wakusanyike penye mwanga. Watoto wawili wa yule mzee walikuwa katika taa zile. Tulichokiona pambo kilikuwa jasho la watu.

Asubuhi ya pili, baada ya chai, vijana wetu walishuka na masufuria ya pilau ya usiku hata kwenye lile jiwe, wakayasugua kwa mchanga na sabuni ya unga. Mafuta na povu vilitandaa juu ya maji, kwani asubuhi hiyo hapakuwa na upepo. Walipokuwa wakicheka na kurushiana maji tulimwona binti wa miaka kama kumi hivi, amesimama mbali kidogo chini ya mti, na dumu mkononi. Hakusogea wala hakusema. Alingoja mpaka wa mwisho wetu akapanda na sufuria lake. Ndipo akashuka kwenye jiwe, akainama, akalisukuma povu kwa mgongo wa mkono, huku na huku, mpaka akapata nafasi iliyo safi kidogo, akachota. Kisha akajitwika akaenda.

Wengine wetu tuliona hayo kwa macho yetu. Tuligeuka tukajishughulisha na kamba za hema.

Kijana mmoja, tulipolizungumza jambo hili jioni, alitoa hoja ambayo lazima tuitaje, kwa sababu si hoja ya mjinga. Alisema: Ziwa hili ni kilomita za mraba 68,800, lagawanywa na nchi tatu, na povu la watu kumi na mmoja ni kitu gani ndani yake? Kwa hesabu ya maji alisema kweli. Lakini yule mtoto hachoti katika kilomita 68,800. Achota penye jiwe lile. Kwake yeye ziwa lote ni hatua mbili za maji, na hatua hizo mbili tulizichafua sote pamoja. Tena tukikumbuka lile zulia bichi tuliloliona Kisumu, lilishaje likanenepa hata likafunga bandari? Kwa uchafu wa miji na mbolea ya mashamba inayoteremka na mito, na hapana shaka kila aliyemwaga alisema: changu mimi ni kitu gani?

Mwingine akasema: Lakini tulilipa. Hapa ndipo twaomba msomaji asimame nasi kidogo, kwa kuwa sisi watu wa pwani twalijua neno hili vizuri kuliko watu wengine wote. Ni mara ngapi tumekaa vibarazani, Lamu na Mombasa na Diani, tukimlalamikia mtalii apitaye uchochoroni nusu uchi, karibu na mlango wa msikiti wakati watu watoka kusali? Ni mara ngapi tumesema: amelipa chumba cha hoteli, adhani amenunua na mji? Tumeyasema hayo kwa uchungu, na uchungu huo ni wa haki. Basi tazama jinsi tulivyokuwa: siku mbili tu baada ya kuvua vazi la mwenyeji na kuvaa la mgeni, tukanena maneno yale yale. Fedha tulizotoa zilinunua nafasi ya kusimamisha hema na kivuli chake. Maji hayakuuzwa, kwa sababu hayakuwa ya yule mzee kuyauza. Na subira ya mtoto yule haikuwa na bei.

Jambo lililotutia haya zaidi ni kuni. Siku ya kwanza vijana walipanda mteremko wakakata tawi bichi, kwa kuwa makavu yalikuwa haba. Msitu wa Mfangano si ule wa zamani; mashamba yamepanda mlima, na uliobaki umebaki penye mawe na penye heshima. Mapango yale yenye michoro, koo za Wasuba zilikuwa zikiyatumia kuombea mvua, na miti iliyo karibu nayo haiguswi ovyo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Anazijua kaya za Wamijikenda, zilizoandikwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia, na pengine amefika Kaya Kinondo, ambako mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, akaambiwa asitoke na hata jani.

Sasa, sisi wa darsa hatuitakidi kwamba mvua yaombwa pangoni, na tumeyasema hayo mara nyingi bila kumumunya. Lakini lazima tukiri kitu kisichopendeza kukikiri. Itikadi ile tuiitayo khurafa iliuhifadhi mti. Na elimu yetu tuliyoibeba kutoka Mombasa, pamoja na vitabu vyake, haikuuzuia mkono wa kijana wetu na panga. Wala hatukuwa hatujui. Sote tumesomeshwa tangu chuoni kwamba maji ya kunywa na kivuli cha watu havichafuliwi, na kwamba kumuudhi mpita njia ni dhambi. Tulikwenda tukitafuta mahali pa kutafakari, tukakata tulichokwenda kukitafakari, tukapikia pilau.

Baada ya hayo mmoja alipendekeza kwamba wenye viwanja kama hivi wabandike ubao wa kanuni. Kisiwani Ndere, alisema, tusingalithubutu. Na kweli, tangu tarehe 5 Juni 2020 Serikali imekataza hata chupa za plastiki za kutumiwa mara moja katika hifadhi, na askari wapo. Hatukatai faida ya ubao. Ila twaona kwamba mgeni anayengoja ubao amekwisha kumkosea mwenyeji, kwa sababu mwenyeji mwema hawezi kuandika ubao. Ukarimu wake ndio unaomfunga mdomo. Kadiri alivyo mkarimu, ndivyo mgeni anavyopaswa kujikataza mwenyewe, na kimya cha mwenyeji kisihesabiwe ridhaa. Kwetu husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hatujapata kuuliza, atapona nini ikiwa mgeni ndiye ugonjwa?

Hili hatukulitunga sisi. Tulilisikia. Yule mzee alikuja kila magharibi kutuuliza kama twapungukiwa na kitu, na jioni ya mwisho alituletea samaki wawili wa ngege, wazito. Tulimkalisha, tukamwambia: Mzee wetu, tumeosha vyombo pale mnapochota maji, na tumekata mti mbichi. Mbona hukutukataza?

Alitutazama kama watu waliouliza jambo la kitoto. Akasema:

“Wanangu, mgeni hukatazwa?”

Siku ya kuondoka tulichota maji kwa ndoo, tukaoshea vyombo mbali, juu kwenye mchanga, na majivu tukayafukia. Ilikuwa taabu ndogo sana, ya nusu saa. Twaitaja ili msomaji ajue kwamba haikuwa uzito wa kazi uliotuzuia siku zile mbili.

Tuliporudi Kisumu tulikaribishwa chakula cha usiku na ndugu mmoja mwenyeji wa mji huo. Tulimsimulia mambo yote, na hoja zetu zote kama tulivyoziandika hapa, na hapana shaka tulisimulia kwa ufasaha, maana tulikuwa tumejadiliana njia nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanawa mikono akauliza:

“Na yule mtoto, mlimtaka radhi?”

Hatukumtaka radhi. Tulizungumza na mzee, tukazungumza sisi kwa sisi, na sasa twazungumza nanyi. Yeye hatukumwambia neno. Tumetuma salamu kwa nahodha wa mashua, azifikishe kwa mwenye uwanja, naye kwa wazazi wa binti. Hata leo tunapoandika, jibu halijarudi.