Je, ni uongo kujiandikisha chama usichokiamini ili upate kura?



Leo tuongee siasa kidogo, ila ile inayogusa dhamiri. Twende Florida, Marekani. Kule, kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, vyama hupata wagombea wao kwa uchaguzi wa mchujo, kitu kinachofanana na kura zetu za maoni. Tofauti ni kwamba unaendeshwa na serikali, kwa kodi ya watu wote, lakini wanaowachagua wagombea wa chama ni wale waliojiandikisha chama hicho tu. Wasio na chama, na ni zaidi ya milioni 3, wanatazama.

Sasa, kuna majimbo ambako chama kimoja kina nguvu mno. Ukishinda mchujo umeshashinda, Novemba ni kukamilisha ratiba. Mpiga kura asiye na chama afanye nini? Anyamaze, au asaini chama asichokiamini. Kwa Mkatoliki wa kule jambo hili linauma zaidi: chama hiki kinamtetea mtoto aliye tumboni lakini kinamfukuza mhamiaji, kile kinafanya kinyume chake. Akae wapi?

Katekisimu, namba 2240, inahesabu kupiga kura kuwa wajibu wa kimaadili. Na Bwana anatutaka tuseme ndiyo tukimaanisha ndiyo. Hapo ndipo mtu anabanwa. Mimi naona anayesaini ili amchague mgombea anayemtaka kweli hamdanganyi mtu, maana sheria inamuuliza jina la chama, haimuulizi imani yake. Lakini yule anayesaini ili ampitishe mgombea dhaifu wa wapinzani, wa kwake apate mteremko, huyo ni mdanganyifu, hata kama hajavunja sheria yoyote. Ila hata huyo wa kwanza, mbona afikishwe mahali ambapo ukweli unamgharimu kura?

Ndiyo maana watu wakafanya kampeni. Mwaka 2020 wananchi wa Florida waliulizwa kama wapiga kura wote waruhusiwe kwenye mchujo wa nafasi za jimbo lao. Vyama vyote viwili vikubwa vilipinga (kwa hilo walielewana vizuri sana!). Asilimia 57 walisema ndiyo. Ilihitajika 60, pendekezo likaanguka.

Tuwe wa haki lakini: wapinzani wana hoja. California iliwahi kufungua mchujo kwa kura ya wananchi mwaka 1996, na mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani ikaufuta kwa majaji 7 dhidi ya 2. Hukumu iliandikwa na Antonin Scalia, Mkatoliki, akitetea haki ya chama kuchagua watu wake chenyewe. Fikiria VIWAWA parokiani kwenu mnachagua mwenyekiti, halafu wanaingia watu ambao hata jumuiya hawaendi, nao wanapiga kura. Mngekubali? Nyumba ina wenyewe. Ila mwenyekiti wa VIWAWA hatungi sheria za nchi, na uchaguzi wenu haulipiwi na kodi ya jirani yenu Mwislamu.

California walirudi mwaka 2010 na njia nyingine, ambayo naiona ya haki zaidi. Wagombea wote wanawekwa kwenye karatasi moja, kila mtu anapiga kura, wawili wa juu wanaenda Novemba. Chama kinabaki huru kumtangaza kinayempenda, lakini hakishiki ufunguo wa mlango. Kasoro ipo: wakati mwingine wawili hao wanatoka chama kimoja, na wa upande wa pili hawana wa kumchagua.

Kwetu Tanzania suala linakuja kwa sura nyingine. Kule asiye na chama anakosa kuchagua kwenye mchujo. Huku hawezi hata kugombea, maana sheria inamtaka adhaminiwe na chama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ilisema sharti hilo linavunja haki za raia.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyechukua kadi ya chama kwa sababu bila kadi hupati nafasi: ulipoulizwa kama unakiamini, ulijibu nini?