Siku Sita Nazo Ni za Mungu

Katika vijiji vingi vya Kongo watu huiita Dominika «siku ya Mungu». Jina hilo ni zuri na la kweli, maana siku ile wakristu huacha kazi zao, huvaa nguo safi, nao huenda kusali pamoja. Lakini yampasa kila mkatekumeni ajiulize neno moja: ikiwa ile moja ni siku ya Mungu, zile sita zinazobaki ni za nani?

Wako watu wanaojibu swali hili kwa matendo yao, ingawa midomo yao imenyamaza. Mtu wa namna hii hupiga magoti siku ya Mungu, huimba kwa sauti kubwa, hujibu maswali ya katekisimu bila kukosa hata moja. Kesho yake aenda sokoni kuuza mafuta ya mawese, naye ametia maji ndani ya chupa. Maji hukaa chini, mafuta huelea juu, na mnunuzi haoni kitu mpaka afike nyumbani kwake. Jioni mtu huyo amtukana mke wake kwa kuwa chakula kimechelewa. Akionywa, asema: «Mambo ya sala ni ya kanisani, mambo ya soko ni ya sokoni.» Mtu huyo amemfanya Mungu kuwa kama mgeni anayepewa kiti barazani, wala haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba. Lakini Mungu si mgeni. Nyumba ni yake, shamba ni lake, na mikono inayolima ni yake pia.

Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe aliishije duniani? Alipoanza kuhubiri umri wake ulikuwa kama miaka 30. Kabla ya hapo alikaa Nazareti, kijiji kidogo kisicho na sifa, akawatii Maria na Yozefu, akafanya kazi ya useremala. Watu wa kijiji walimjua kwa kazi hiyo. Injili hazisimulii mwujiza hata mmoja alioufanya Nazareti katika miaka ile. Lakini alipobatizwa katika mto Yordani, sauti ya Baba ilitoka mbinguni ikasema kwamba apendezwa na Mwanawe. Na ifikiriwe vema: wakati ule Yezu alikuwa bado hajaponya kipofu, bado hajawalisha watu jangwani, bado hajahubiri makutano. Baba alikuwa amependezwa tayari na miaka ile ya jasho na utii. Basi asiwepo mtu wa kudharau jembe lake, wala mama wa kudharau kinu chake. Mwana wa Mungu alitakasa kazi ya mikono kwa mikono yake mwenyewe.

Mkatekumeni amtolee Mungu siku yake namna gani? Asubuhi, kabla ya kushika jembe au wavu, afanye ishara ya msalaba, amwambie Mungu kwa maneno machache kwamba kazi, maneno, mawazo na taabu za siku ile zote ni zake. Kisha aende kazini. Mama anayetwanga sombe atatwanga kama jana, na mchi hautakuwa mwepesi zaidi. Mvuvi atavuta wavu ule ule. Mambo ya nje hayageuki. Moyo ndio umegeuka, kwa sababu kazi ile sasa ina mwenyewe wa kupewa. Hata kikongwe asiyeweza tena kwenda shamba anacho cha kutoa: maumivu ya mgongo wake, na uvumilivu wake kwa wajukuu wanaomsumbua.

Lakini zawadi hapana budi iwe safi. Hakuna mtu mwenye akili anayempelekea mkubwa wake kuku aliyemwiba kwa jirani. Hali kadhalika, mtu aliyemtolea Mungu siku yake asubuhi hawezi kumpa mafuta yenye maji, wala mshahara wa kazi aliyoifanya kwa uvivu, wala kibao alichompiga mkewe. Ndiyo maana sala ya asubuhi ni kama mlinzi mlangoni. Likija jambo baya, mlinzi auliza: «Je, hili nalo waweza kumtolea Mungu?» Kama haliwezekani, liachwe.

Kongo yenyewe imezaa shahidi wa jambo hili, kijana Isidori Bakanja. Hakuwa padri, wala mtu mkubwa. Alikuwa mfanyakazi tu. Kwanza alisaidia waashi huko Coquilhatville, mji uitwao sasa Mbandaka. Huko alifundishwa dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alipokea rozari na skapulari ya Bikira Maria, yaani vitambaa viwili vidogo vilivyofungwa kwa kamba, vinavyovaliwa shingoni. Baadaye akawa mtumishi wa nyumbani kwa mzungu mmoja, akamfuata mpaka Ikili. Kule hapakuwa na padri karibu. Basi Bakanja alifanya kazi yake, na wakati wa kupumzika alisali na kuwafundisha wenzake sala. Hakuiacha dini yake mjini alipobatizwa.

Msimamizi wa mahali pale aliichukia dini. Alimkataza kufundisha sala, akamwamuru avue skapulari. Bakanja alikataa kuivua. Mwaka 1909 aliamriwa apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, akapigwa zaidi ya mara mia. Mgongo wake ulikuwa jeraha moja, na jeraha likaoza. Aliteseka kwa miezi. Mapadri walipofika kumpa Sakramenti, walimhimiza amsamehe yule mtu. Alijibu kwamba hana chuki naye, tena kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Asiwepo mtu wa kudhani kwamba Mungu alipendezwa na mjeledi ule. Kumpiga mtu asiye na kosa ni dhambi, na dhambi haigeuki kuwa njema. Kilichompendeza Mungu ni moyo wa Bakanja. Na moyo ule haukupata nguvu zake siku ile ya mapigo tu. Neema ya Mungu iliujenga polepole, kama waashi wanavyopanga matofali, moja juu ya moja: sala ya asubuhi, kazi ya haki, neno jema kwa mwenzake, rozari ya jioni. Mtu asiyemtolea Mungu mambo madogo atapata wapi nguvu za kumtolea makubwa?

Basi mkatekumeni asingoje siku ya ubatizo ndipo aanze. Na aanze kesho asubuhi. Na jioni, moto unapofifia, kabla ya kulala, ajiulize maneno matatu: Leo nimempa Mungu nini? Leo nimemnyima nini? Yuko nani niliyemkosea, nimwendee kesho? Akiona kosa aombe msamaha, na kama alimwibia mtu, arudishe. Ndipo alale kwa amani.

Akifanya hivyo kila siku, ataona kwamba siku ya Mungu si moja tena. Siku ya kwanza atakwenda kanisani akiwa na kitu mkononi: siku sita za kazi safi, aziweke altareni pamoja na mkate na divai.