Kweli ya Mtihani na Kweli ya Misa



Kijana mwenzangu, kuna maneno nimeyasikia kwa wanafunzi wa Tarime na Mugumu mpaka nimeyachoka: "Mageuko naandika nifaulu tu, ila siamini." Wanasema huku wanacheka. Mimi sicheki. Kueleza nadharia usiyoikubali si dhambi, maana mwalimu anapima kama umeielewa. Lakini ukizoea kuwa na kweli mbili, ya darasani na ya kanisani, mwishowe kweli inakuwa kile mkubwa anachotaka kusikia. Leo ni mtihani, kesho ripoti ya kazini, kesho kutwa maungamo.

Tena kwetu Mara jambo lenyewe haliko mbali. Oldupai, ambako Mary Leakey alilikuta fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, iko kwenye tambarare hizi hizi za Serengeti, upande wa Ngorongoro. Lina umri wa miaka kama milioni 1.75. Kusini yake kidogo, Laetoli, kuna nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Hizo si hadithi za vitabu vya Wazungu jamani, ziko ardhini. Wapo wanaosema eti Mungu aliziweka ili ajaribu imani yetu. Hapo ndipo ninapoogopa: mtu anamkimbia nyani, anaishia kumfanya Mungu mdanganyifu!

Kanisa halitudai hivyo. Mwaka 1950, katika waraka Humani Generis, Papa Pius XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe vilivyotangulia. Roho, alisisitiza, huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu.

Mwalimu naye ana mpaka wake. Akisema fuvu linathibitisha kwamba Mungu hayupo, ameshatoka kwenye bayolojia. Fuvu halijasema hivyo.

Na Adamu na Hawa je? Hapo pagumu kweli. Papa Pius hakuona jinsi wazo la wazazi wengi wa mwanzo lingepatana na fundisho la dhambi ya asili, na wanateolojia wanaendelea kulijadili. Mpelekee paroko swali hilo baada ya Misa. Akikuambia ngoja kwanza nikasome, mngoje.