Kipimo cha Kijana

Msomaji, liko swali ambalo kila kijana hukutana nalo mapema maishani, ingawa si wote walitambuao. Je, mtu ana haki ya kumtazama mwenzake kwa muda mchache, kisha akatamka atakavyokuwa baadaye? Swali hili lagusa darasa, ofisi, jeshi na hata ndoa. Lakini leo nitalitazama mahali padogo ambapo laonekana wazi, yaani katika uwanja wa mpira wa kikapu, ambako wanafunzi wa sekondari hupimwa na watu wanaotafuta wachezaji wa vyuo vikuu.

Katika Marekani kazi hii imekuwa ufundi na biashara. Vyuo vikuu hutuma watu kutazama michezo ya shule za sekondari. Mtazamaji hukaa kando na daftari lake, akaandika kimo cha mchezaji, urefu wa mikono, wepesi wa miguu, shabaha yake, na namna anavyojichukua akikosea. Wako hata wanaowapa wanafunzi nyota, na nyota tano ni za wale wanaodhaniwa kuwa bora kupita wote. Anayependeza hupewa ufadhili: masomo, chakula na malazi bila malipo. Kwa kijana wa nyumba maskini, ukurasa mmoja wa daftari lile waweza kumfungulia chuo kikuu au kumrudisha nyumbani.

Usidhani kwamba jambo hili li mbali nasi. Mwalimu wa michezo anayechagua timu ya kwenda kushindana na shule nyingine afanya kazi ile ile. Nami niliifanya mwaka mmoja, katika shule moja ya sehemu hizi za mto Tana. Gari lilikuwa na nafasi chache na wachezaji walikuwa wengi. Nafasi ya mwisho ilishindaniwa na vijana wawili. Mmoja alikuwa mrefu kama mnazi. Wa pili alitoka Idsowe, karibu na Garsen. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana kwa kuvuta kasia na kulima shamba la mpunga la mama yake. Niliwatazama kwa dakika kumi, nikamchukua mrefu. Yule wa Idsowe aliponiuliza sababu, nilimwambia, "Huna kimo." Alinitazama kwa adabu, akauliza, "Kimo kitakuja lini, mwalimu?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Baada ya siku hiyo hakurudi tena uwanjani.

Kabla sijajihukumu, yafaa nijitetee kwanza, maana hukumu ya haki husikiliza pande zote mbili. Nafasi zilikuwa chache, nami sikuziumba. Kuchagua, peke yake, si dhuluma. Mkulima huchagua mbegu. Fundi wa mitumbwi hatwai kila gogo alionalo. Hulizunguka, hulitazama mafundo, huligonga asikie kama lina uvungu. Wala kimo si kipimo cha bure, kwa kuwa kikapu kimefungwa futi 10 juu ya ardhi, na aliye mrefu yu karibu nacho zaidi. Basi sikufanya kosa kwa kuwa nilipima.

Kosa langu lilikuwa mahali pengine. Gogo likikataliwa halisikii, wala halihuzuniki. Mtu husikia, akaanza kuwa kama alivyoambiwa. Zaidi ya hayo, aliyechaguliwa hupewa mpira, viatu, safari na mwalimu wa kumrekebisha, na aliyeachwa hupewa benchi. Mwaka ukipita, wa kwanza huwa amesonga mbele na wa pili amebaki nyuma. Ndipo mpimaji hujisifu akisema, "Mnaona? Niliwajua tangu mwanzo." Kwa kweli hakuwajua, aliwafanya. Hukumu yake ilijitafutia ushahidi wake yenyewe. Hii ndiyo hatari kubwa ya kumpima kijana, kwamba kipimo hakikai nje ya kipimwacho, bali huingia ndani yake na kumbadili.

Sasa tutazame mfano wa watu wanaojulikana, tuone kama wapimaji wakubwa hufanya vema kuliko mwalimu wa shule. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mchezo huu akiwa na umri wa kadiri ya miaka 15, akaenda Marekani kusoma sekondari, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kimo chake kilikuwa futi 7 na inchi 3. Huko chuoni alisifiwa kwa haki, kwani mwaka 2008 na mwaka 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa mashindano ya vyuo vya kundi lao. Mwaka 2009 timu za ligi kuu ya NBA zilipochagua vijana wapya, Thabeet alichaguliwa wa pili katika wote, na timu ya Memphis. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile.

Mwaka ule ule alichaguliwa kijana mwingine, jina lake Stephen Curry. Alipokuwa sekondari, vyuo vikubwa havikumtaka. Alikuwa mdogo na mwembamba, na hata chuo alichochezea baba yake hakikumpa ufadhili alioutaka. Alikwenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, na huko ndiko shabaha yake ilikoonekana na dunia. Hata hivyo, mwaka 2009 alichaguliwa wa saba, nyuma ya Thabeet kwa nafasi tano.

Yaliyofuata yamekwisha andikwa. Thabeet alipelekwa katika ligi ndogo kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha, akahamishwa kutoka timu hii hadi ile, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena katika NBA. Curry alitwaa ubingwa wa ligi ile mara nne, mwaka 2015, 2017, 2018 na 2022, na mwezi wa Desemba 2021 akawa mtu aliyefunga vikapu vingi vya mbali kupita wote waliomtangulia.

Watu wengi husoma habari hizi wakamcheka Thabeet. Mimi sioni la kucheka. Hakumdanganya mtu. Hakusema, "Mimi ni wa pili katika vijana wote." Wengine walisema, kisha wakamtwika maneno yao ayabebe. Alikuwa amecheza mpira kwa miaka saba hivi tu, na wengi wa wenzake tangu utoto. Kijana aliyetoka Dar es Salaam akafika alipofika amefanya jambo kubwa kwa kipimo chochote cha haki, isipokuwa kile cha matumaini ya watu wengine. Basi sifa iliyozidi nayo yaweza kumdhuru mtu, sawasawa na dharau.

Tena yatupasa kufikiri juu ya Curry kwa uangalifu. Watu hupenda kumtaja ili wawafariji walioachwa: "Tazama, alidharauliwa, akashinda." Faraja hiyo ni nusu ya kweli. Habari zake twazijua kwa sababu palikuwa na chuo kidogo kilichomfungulia mlango, na kosa la wakubwa likasahihishwa. Ni wangapi ambao kosa lao halikusahihishwa? Hao hatuna habari zao, wala hawataandikwa kitabuni. Kijana wangu wa Idsowe yumo katika hesabu hiyo. Siwezi kukuambia kwamba angekuwa mchezaji mkubwa, pengine asingekuwa. Lakini sitajua kamwe, wala yeye hatajua, na hilo ndilo deni ambalo sina namna ya kulilipa.

Liko jambo jingine ambalo mwenye daftari hulisahau. Yeye hupima kilicholetwa mbele ya macho yake, naye hudhani amepima vyote vilivyopo. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 yalipoikata barabara ya Garsen na Lamu, ni nani aliyekwenda kutazama michezo ya vijana wa huku? Asiyeonekana huhesabiwa kuwa hayupo. Kadhalika, mtoto wa mji aliyefundishwa kwenye uwanja wa saruji huonekana ana kipaji kuliko mtoto aliyedunda mpira mchangani, mahali ambapo haurudi mkononi. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Tukiona chombo kinaelea, tuulize nani alikiunda. Na tukiona kingine kimekaa pwani, tuulize kama kilipata fundi.

Basi mpimaji afanyeje, maadamu kupima hakuepukiki? Naona ana wajibu wa namna tatu. Kwanza, aseme alichokiona, asiseme mtu alivyo. "Leo hukuufikia mpira wa juu" ni habari. "Huna kimo" ni hukumu. Pili, hukumu yake aitie tarehe, kisha arudi kutazama tena, kwa sababu kijana wa miaka 15 bado yumo njiani. Tatu, aeleze sababu zake mbele ya aliyemwacha, bila kicheko. Mimi nilikosa yote matatu katika dakika kumi.

Na anayepimwa afanyeje? Asikidharau kipimo, kwani huenda kina ukweli unaoweza kumsaidia. Lakini asikifanye kuwa jina lake. Mkumbuke Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari, na kwa kimo chake cha futi 7 na inchi 2 akaitwa kucheza. Alicheza, akawa mlinzi mashuhuri. Lakini alihitimu masomo yake pia, na mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa, yenye jina la mama yake, ilifunguliwa. Alifariki mwaka 2024. Daftari la mtazamaji laweza kuandika kimo cha Mutombo. Lakini safu ya kuandikia hospitali haimo.

Msomaji, huenda hutapimwa kamwe na mtu wa chuo kikuu cha Marekani. Lakini Ijumaa ijayo, wakati wa michezo, huenda ukawa nahodha anayeambiwa achague timu. Utawaona wenzako wamesimama mstari mmoja, na mmoja wao ataangalia miguu yake, kwa kuwa amezoea kuchaguliwa wa mwisho. Wakati huo utakuwa na mamlaka juu ya mtu mwingine, mamlaka madogo lakini ya kweli. Wazee wa Tana wameuona mto ukiacha njia yake ya zamani na kujichimbia nyingine, hata mahali palipokuwa na kivuko pakawa shamba. Ikiwa mto wabadilika hivyo, kijana je? Mchague umtakaye, kwa kuwa sharti uchague. Lakini yule unayemwacha mwambie sababu, na Ijumaa itakayofuata umtazame upya.