Mwanga wa Saa Moja na Nafsi ya Mtoto
Wanafalsafa waliomfuata Aristotle hutenganisha kiini, yaani kile kinachokifanya kitu kiwe kilivyo, na sifa za kupita, yaani yale yanayokipata kitu na kukiacha bila kukigeuza. Na kwa mizani hiyo mwanga unaommulika mtoto mchana mmoja, au unyonge unaompitia usoni, hauhesabiwi kuwa sehemu ya nafsi yake. Picha ambamo Pierre-Auguste Renoir alimchora Irène Cahen d'Anvers jijini Paris mwaka 1880, msichana huyo akiwa na umri wa miaka minane, inapingana na mizani hiyo kwa brashi. Renoir alikuwa wa mkondo wa uimpresheni, ambao wachoraji wake walitaka kunasa kitu kinavyoonekana kwa kitambo kifupi katika mwanga wake, wakipanga rangi safi ubavu kwa ubavu, na vivuli wakivipaka buluu au zambarau pale wengine walipozoea nyeusi. Uso wa Irène umelainishwa kwa uangalifu, lakini nywele zake nyekundu zinazomwagika mgongoni na majani yaliyo nyuma yake yamepakwa kwa miguso iliyolegea, hata utulivu wake ukaonekana umeenea bustanini kama ulivyo machoni. Ukiuondoa mwanga ule, haieleweki ni mtoto gani atakayebaki.

Wasukuma wa Bariadi, Maswa na Itilima wamelijibu swali hilohilo, la kama kinachopita ni sehemu ya mtu, bila turubai. Mbali na majina ya kurithi kwa wazee, wapo wasichana wanaoitwa Kabula kwa kuzaliwa majira ya mvua, wakati mbegu za pamba zinapoingia ardhini, na wengine Limi, kwa kuzaliwa jua likiwaka; hali ya hewa, ambayo Aristotle angeiweka miongoni mwa sifa za kupita, inakuwa kitu ambacho mtu hukiitikia hadi uzeeni. Hapo mila inamzidi mchoraji, na si kwa kidogo, kwa kuwa Kabula huolewa na kupata wajukuu akiwa na mvua yake, ilhali Irène wa turubai hakui. Irène mwenyewe aliishi hadi mwaka 1963. Wanazi waliipora picha hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili, binti yake Béatrice akauawa Auschwitz, na Irène aliporudishiwa picha mwaka 1946 hakukaa nayo sana: mwaka 1949 iliuzwa kwa Emil Bührle wa Zürich, tajiri wa viwanda aliyekuwa ameiuzia Ujerumani ya Wanazi silaha.