Mlinzi Alipomshika Mwenye Nyumba

Jumatano ya tarehe 21 Aprili 2010, wafanyakazi wa Marekani walikuwa wamekwishakaa kwenye meza zao kompyuta zilipoanza kujizima zenyewe. Umeme haukukatika, wala hakuna mdukuzi aliyeingia. Katikati ya skrini kilijitokeza kidirisha chenye sekunde 60 zinazohesabika kurudi nyuma, na onyo kwamba Windows inajizima, kila mtu ahifadhi kazi yake. Sekunde zikiisha mashine inazima, inawaka, inafika palepale na kuanza kuhesabu upya. Aliyejaliwa mashine isiyozima aligundua kwamba mtandao haupo: barua pepe haziingii, printa haionekani, mafaili ya kwenye seva hayafunguki.

Chanzo kilikuwa faili lililotumwa na McAfee, kampuni iliyokuwa ikilipwa ili kompyuta hizohizo zisipatwe na balaa. McAfee iliwapelekea wateja wake orodha mpya za alama za virusi mara kwa mara, na ya siku hiyo ilikuwa namba 5958. Ndani yake mlikuwa na alama ya kukamatia kirusi kiitwacho W32/Wecorl.a. Alama ile ikakosea. Ikalishika svchost.exe, faili halali la Windows XP yenye Service Pack 3, ikalifuta au kulitia karantini.

Mtumiaji wa kawaida halijui faili hilo, lakini ndilo linalobeba huduma nyingi za Windows, zikiwemo zile za mtandao. Likiondolewa, mashine inabaki na mwili bila pumzi. Ni sawa na mlinzi wa getini aliyepewa picha ya mwizi, akamshika mwenye nyumba kwa kuwa sura zinashabihiana, akamtoa nje yeye na funguo zake. Na mlinzi huyo hakuwa mjinga. Wecorl ya kweli hulishambulia svchost.exe, na virusi vingi hujificha nyuma ya mafaili ya mfumo, ndiyo maana programu ya kuzuia virusi hupewa mamlaka ya kufuta hata vitu ambavyo msimamizi mwenyewe angesita kuvigusa. Mamlaka hayo tunampa siku ya kwanza, kisha tunasahau kwamba tumempa.

Hasara ilifika mahali ambapo kompyuta si suala la barua na hesabu tu. Katika jimbo la Rhode Island, hospitali kadhaa ziliahirisha upasuaji usio wa dharura, na wagonjwa wasio na majeraha makubwa hawakupokelewa kwenye vyumba vya dharura. Huko Kentucky, polisi waliambiwa wazime kompyuta za kwenye magari ya doria. Australia, maduka ya Coles yaliona mashine za malipo zikigoma, mengine yakafunga milango. Chuo Kikuu cha Michigan, upande wa hospitali na shule yake ya udaktari, kilipoteza kompyuta zipatazo 8,000 kati ya 25,000. Hata Intel, watengenezaji wa vichakataji vilivyomo ndani ya kompyuta nyingi za dunia, waliguswa. Miezi minne baadaye Intel hiyohiyo ilitangaza kuinunua McAfee kwa dola bilioni 7.68.

Sasa hapa ndipo ninapotaka msomaji anayesimamia kompyuta za watu atulie. McAfee iliiondoa orodha ile baada ya saa chache na kutoa nyingine, namba 5959. Marekebisho yalikuwepo kwenye intaneti, bure, siku hiyohiyo. Lakini mashine iliyoyahitaji haikuwa na mtandao wa kuyapokelea. Kosa lilisambaa kwa waya. Kulirekebisha kukawa kazi ya miguu.

Fundi alilazimika kubeba flashi au CD na kwenda meza kwa meza. Kwanza aisimamishe ile saa: afungue mahali pa kuandikia amri, aandike shutdown -a kabla sekunde hazijaisha. La sivyo aiwashe mashine huku akibonyeza F8, achague ile hali salama ambamo Windows hupakia vitu vichache tu. Kisha aweke faili dogo la ziada lililoiambia McAfee iache kulikamata svchost.exe. Hapo ndipo alirudishe svchost.exe lenyewe kwenye folda ya system32, ama kutoka karantini, ama kutoka dllcache, folda ambamo XP huweka akiba ya mafaili yake, ama kutoka mashine iliyosalimika yenye Windows ileile. Mpangilio huo haukuwa wa kuchezea. Aliyetanguliza svchost.exe kabla ya kumtuliza mlinzi alikuwa anamrudishia mtu yuleyule wa kumkamata. Tuseme kila mashine ilichukua dakika 15 tu, na fundi hakupoteza hata dakika moja kutafuta nywila au kungojea mlango ufunguliwe: kwa kompyuta 8,000 hizo ni saa 2,000 za kazi ya mkono.

Ilikuwaje kosa kubwa kiasi hiki lipite? McAfee yenyewe ilieleza baadaye kwamba kwenye mitambo yake ya majaribio, siku orodha ile ilipotolewa, hakukuwa na Windows XP Service Pack 3 inayoendesha programu yake ya VirusScan Enterprise 8.7. Service Pack 3 ilikuwa imetoka mwaka 2008 na ilikuwa imejaa maofisini. Kwa hiyo walijaribu, ila hawakujaribu kwenye kile ambacho wateja wao walikuwa nacho mezani. Naliona kosa hili kila mahali, hata kwenye ofisi zetu ndogo: kompyuta ya kujaribia ni ile mpya ya mkuu wa TEHAMA, ilhali mhasibu anafanya kazi kwenye mashine ya zamani ambayo hakuna anayeikumbuka.

Kati ya kampuni za kuzuia virusi, McAfee haikuwa ya kwanza kukosea hivi, wala ya mwisho. Mwezi Mei 2007 Symantec ilifuta mafaili mawili ya mfumo kwenye Windows XP ya Kichina, na mashine zikizimwa haziwaki tena. Novemba 2008 AVG iliamini kwamba user32.dll, faili la mfumo wa Windows, ni kirusi. Kisa cha Sophos cha Septemba 2012 ndicho kinachoeleza jambo hili waziwazi kuliko vyote: sasisho lake lilizitilia shaka programu zinazojisasisha, ikiwemo yake yenyewe. Penye mipangilio ya kufuta au kuhamisha kilichokamatwa, Sophos ikajikata mkono ambao ungepokea marekebisho.

Ikaja Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, wakati ofisi nyingi za huku zinajiandaa kufungua, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilitoa faili dogo la kuifundisha programu yake ya Falcon mbinu mpya za wavamizi. Saa 2 na dakika 27 ililirudisha. Katika dakika 78 hizo, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeanguka kwenye skrini ya bluu. Shirika la ndege la Delta peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 kwa siku tano, na mkuu wake, Ed Bastian, alisema hasara ilifika dola milioni 500.

Mwanzilishi mwenza na mkuu wa CrowdStrike ni George Kurtz. Mwaka 2010 alikuwa mkuu wa teknolojia wa McAfee. Sisemi hivyo kumsimanga. Nasema kwa sababu inaonyesha kwamba kumbukumbu ya mtu mmoja, hata awe kileleni, haizuii chochote kama haijageuzwa kuwa utaratibu unaomlazimisha kila mtu.

Kosa la 2024 lilikuwa la hesabu. Aina mojawapo ya taarifa ilitangazwa kuwa na sehemu 21, lakini programu iliyokuwa kwenye kompyuta ilipeleka 20. Kwa miezi kadhaa halikuonekana, kwa kuwa mafaili yaliyotangulia yaliiacha sehemu ya 21 ipokee chochote. Faili la siku ile likataka sehemu hiyo isomwe. Kikaguzi cha kampuni nacho kikalipitisha. Programu ikasoma mahali pasipostahili, na kwa kuwa inakaa ndani kabisa ya mfumo na kupakiwa mapema Windows inapowaka, ikaanguka na Windows nzima, kila ilipowashwa.

Dawa kwenye karatasi ilikuwa rahisi: washa kwa hali salama, ingia folda ya CrowdStrike ndani ya drivers, futa faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, washa upya. Ugumu ukatokea pasipotarajiwa. Kompyuta nyingi za kazini zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski, na ili kuingia hali salama mashine ilidai ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48. Funguo hizo, penye utaratibu mzuri, zilihifadhiwa kwenye seva. Baadhi ya seva hizo nazo zilikuwa zinaonyesha skrini ya bluu.

Fikiria fundi aliye makao makuu akimsomea karani wa tawi la mbali tarakimu 48 kwa simu, sita sita, simu inakatika kwenye ya 30. Akikosea moja, mashine inaukataa ufunguo. Kampuni moja ya uhasibu nchini Australia ilipata njia ambayo bado naistaajabia. Mafundi wake walikumbuka kwamba kisomeo cha msimbo pau, kama kile cha dukani, kompyuta hukiona kama kibodi. Wakazigeuza funguo kuwa msimbo pau, wakauonyesha kwenye skrini ya kompyuta iliyosalimika, wakachomeka kisomeo kwenye mashine mgonjwa na kusoma. Tarakimu zote 48 zikaingia kwa mkupuo, bila kosa, na ufunguo hakupewa mtu mkononi.

Ofisi nyingi hazitakuwa na akili hiyo tayari saa ya ghasia, kwa hiyo maandalizi yafanyike kukiwa shwari. Funguo za kuokolea na nywila ya msimamizi wa kila mashine ziwe na nakala nje ya mtandao wa ofisi: kwenye diski iliyofungwa kwenye kabati la chuma, au karatasi iliyo mikononi mwa watu wawili wanaowajibika. Flashi ya kuwashia kompyuta iwe imetengenezwa, imejaribiwa, na mahali ilipo pajulikane. Ofisi yenye kompyuta 12 inahitaji haya sawasawa na yenye 12,000, maana hiyo ndogo mara nyingi ina fundi mmoja tu, naye yuko safarini.

La pili ni kutokubali sasisho lifike kwenye mashine zote kwa wakati mmoja. Ziteuliwe chache za kutangulia, za aina zote zilizopo ofisini, pamoja na ile ya zamani ya mhasibu. Zikipita salama ndipo nyingine zifuate. Hapo pana mtego. Wateja wengi wa CrowdStrike walikuwa waangalifu, wamechagua kubaki toleo moja nyuma, na bado walipigwa pamoja na wengine. Mpangilio ule ulihusu programu yenyewe. Mafaili madogo ya mbinu mpya yaliupita na kwenda moja kwa moja kwa kila mtu. Baada ya maafa kampuni iliahidi kuyatoa kwa awamu na kumpa mteja kauli juu yake. Kwa hiyo unapotia saini mkataba, muulize muuzaji kuhusu kila aina ya sasisho, hasa yale madogo: naweza kuyachelewesha, na kwenye mashine zipi?

Asitoke mtu hapa akaenda kuzima programu ya kuzuia virusi au kukataa masasisho. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa fulani ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei, kirusi kiitwacho WannaCry kiliingia kupitia ufa huohuo kwa waliokuwa hawajalipokea, na hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Kuchelewesha sasisho kwa saa chache ili kulipima ni busara. Miezi miwili ni hatari.

Na siku kompyuta zikianguka zote pamoja, matapeli huwa kazini kabla ya mafundi. Mwaka 2010 waliotafuta suluhisho la McAfee kwenye intaneti walipangiwa kurasa zenye virusi vya kweli, na mwaka 2024 lilisambazwa faili lililojiita marekebisho ya CrowdStrike, kumbe linamfungulia mvamizi mlango. Anwani ya kampuni iandikwe kwa mkono, isibonyezwe kutoka kwenye ujumbe. Simu ya mtu asiyejulikana anayejitolea kusaidia ikatwe.

Wiki hii, chagua kompyuta moja ya ofisini, chomoa waya wake wa mtandao na uzime wifi yake. Mwambie fundi wako aiwashe kwa hali salama na kurudisha faili moja la mfumo, bila kuuliza chochote kwenye seva. Kaa pembeni na daftari, uandike kila anapokwama.