Bili ya Maji Bila Daftari

Siamini kwamba maji yanapaswa kutolewa bure. Kuna mtu anayeyatia dawa, na kuna fundi anayeshinda kwenye tope akiziba bomba lililopasuka. Wote wana watoto wa kulisha. Mtaani kwetu Dar es Salaam, asiye na bomba hununua dumu la lita 20 kwa kijana wa mkokoteni, na ukipiga hesabu lita kwa lita, analipa zaidi ya jirani yake mwenye mita. Sijamsikia akidai maji ya bure. Anachotaka ni maji yamfikie.

Ndiyo maana yaliyotokea Ireland yananigusa. Nchi hiyo ilifuta ada ya maji ya majumbani mwaka 1997, huduma ikawa inagharamiwa na kodi. Uchumi ulipoanguka, mwaka 2010 serikali ilikopa kwa Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kurejesha ada kukawa miongoni mwa masharti. Hoja yenyewe ilikuwa na uzito: karibu nusu ya maji yaliyokwisha kusafishwa yalivujia ardhini, na katika kaunti ya Roscommon wako waliochemsha maji ya bomba kwa miaka.

Mwaka 2013 likaundwa shirika la Irish Water. Januari 2014, kabla ya bili hata moja kutumwa, mkurugenzi wake John Tierney alieleza redioni kwamba karibu euro milioni 50 zilikwenda kwa washauri. Hasira zikawaka. Mafundi wa mita walipofika, wakazi wa mitaa kadhaa walisimama juu ya vifuniko vya koki mbele ya nyumba zao, wasibanduke.

Novemba mwaka huo serikali ilishusha ada: euro 160 kwa mwaka kwa nyumba ya mtu mzima mmoja, 260 kwa nyingine. Hapo hapo ikaahidi ruzuku ya euro 100 kwa kila nyumba iliyojisajili. Kwa nyumba ya kwanza zinabaki 60, na bado hujatoa gharama ya mita, ya kuchapa bili na ya kumfuata asiyelipa. Wakubwa walibishana kuhusu kitakachobaki, na mwananchi hakujua ashike hesabu ya nani. Baada ya uchaguzi wa 2016 ada ilisitishwa, mwaka uliofuata ikafutwa, na waliolipa wakarudishiwa fedha zao. Mita zaidi ya laki nane zilikuwa zimekwisha kufungwa, na mabomba yaliendelea kuvuja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Imani ya watu hupotea kwa njia hiyo hiyo. Nakataa kauli kwamba wananchi hawapendi kulipa. Wanachokataa ni kulipia mitambo ya kuwalipisha, huku maji yenyewe yakibaki yalivyokuwa.

Kwa hiyo, mamlaka yoyote inayotaka kutoza maji ianze kwa kubandika hesabu pale watu wanapolipia: kukusanya shilingi mia kunagharimu ngapi, zinabaki ngapi, na zinakwenda kuziba bomba la mtaa gani. Wasio na uwezo watajwe humo pia, pamoja na nani atawalipia. Atakayeniwekea hesabu hiyo wazi nitamlipa bila kusukumwa, na nitamtetea mbele ya majirani zangu.